Mweleza Picha na Mwanamke wa Ghorofani

Jirani yangu huyu sikuwahi kumwita kwa jina lake, na Temeke nzima sidhani kama alikuwapo aliyemwita hivyo, ukimtoa karani wa mishahara. Tulimwita Mweleza Picha. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, na kutuambia nini kinatokea kwenye sinema. Picha zilisema Kizungu na sisi Kizungu hatukijui, kwa hiyo mtu akifumbua mdomo kule kwenye kitambaa, sauti tuliyoisikia ilikuwa ya Mweleza Picha, awe mwanamume, awe bibi kizee, awe mbwa.

Gari la sinema la serikali lilikuwapo tangu enzi za Mwingereza, na yeye alikuwamo. Uhuru ulipokuja gari likapakwa rangi mpya, picha za magwaride ya Kizungu zikaondoka, zikaja za kilimo cha kisasa na kuchemsha maji ya kunywa, na yeye akabaki palepale. Alichobadilisha ni salamu tu. Zamani alianza kwa "Mabibi na mabwana", sasa ikawa "Ndugu wananchi". Mkewe alituambia kwamba alikuwa akiifanyia mazoezi chooni, maana ulimi ulikuwa unamrudisha kwa mabwana.

Mimi nilifika Temeke bibi harusi mpya kutoka Lindi, mume wangu kibarua wa bandarini. Tulipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kizaramo, mtu wa makamo na mwenye amri zake, ambaye sote tulimwita Mwenye Nyumba. Mweleza Picha na mkewe walikuwa nyumba ya pili, uani tumetenganishwa na ua wa makuti tu. Kwa hiyo nilimjua mtu huyu kwa sauti mbili, na sauti hizo hazikufanana hata kidogo.

Sauti ya nyumbani ilikuwa kikohozi. Akitaka maji, alikohoa. Akitaka watoto wanyamaze, alikohoa kwa namna nyingine, na wao walijua tofauti. Mkewe alikuwa akisema, tukiwa tunapepeta mchele, "Maneno yote anayamaliza kule kwenye kipaza. Mie huku naletewa kikohozi."

Sauti ya uwanjani, loo. Ilikuwa na kina, haina haraka, na ilimfikia hata mtu aliyekaa nyuma kabisa na mtoto analia mapajani. Akinyamaza kidogo kumeza mate, uwanja mzima ulimdai: "Halafu?" Alipenda kudaiwa hivyo. Alikuwa anaweza kumeza mate mara nyingi kuliko alivyohitaji, ili tu amsikie kila mtu akisema "Halafu?" Asubuhi yake ukimkuta bombani na ndoo ukamtania kwa neno hilohilo, alikukoholea akaenda zake.

Kila mtu kwenye picha alimpa ndugu. Hakukubali mtu apite tu kwenye kitambaa bila kuwa wa kwa fulani. Mzungu akitokea na kofia yake, Mweleza Picha alisema: "Huyu ni mjomba wa yule kijana, kaka wa mama yake, baba mmoja mama mbalimbali, na hawaelewani kwa sababu ya shamba." Alijuaje? Hakujua. Kizungu chake kilikuwa cha amri za jeshini, simama, geuka, tembea. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajisumbua na ukoo wa watu asiowajua. Siku hiyo alikuwa na moyo mzuri, akanijibu kwa maneno: "Watu hawamlilii mtu wasiyemjua ni wa kwa nani."

Wala hakukubali kuwa amekosea. Kuna siku dereva wa gari, ambaye ndiye pia aliyeendesha mashine, alichanganya mikanda, akatanguliza wa mwisho. Tukamwona steringi, mchezaji mkuu wa picha, anazikwa. Watu wakasikitika, wengine wakaanza kukunja mikeka yao. Mara mkanda mwingine ukawekwa na steringi yuleyule anatembea mjini na sigara mdomoni. Uwanja ulipiga kelele. Mweleza Picha hakutikisika. Akasema, "Huyu ni mdogo wake marehemu. Wamefanana sana." Basi, tukaangalia picha nzima tukimwonea huruma mdogo mtu kwa msiba uliompata, na tuliporudi nyumbani Mwenye Nyumba alisema hajapata kuona mtu aliyevumilia kifo cha kaka yake vizuri namna ile.

Kwenye picha za wakati huo, na hata kwenye maigizo ya vikundi vya hapa kwetu, mwehu alikuwapo kwa ajili ya kuchekwa. Alitoka amevaa gunia, kopo kafunga kiunoni, anaongea na kuku. Watu walivunjika mbavu, nami pia. Lakini mtu wa namna hiyo akitokea kwenye kitambaa, Mweleza Picha alizima kipaza. Kabisa. Alikaa kwenye kigoda chake mpaka huyo mtu apite. Vijana wakimpigia kelele aeleze, alisema bila kipaza, "Hapo sina la kueleza. Hawajasema ni wa kwa nani." Ungedhani alikuwa mtu wa huruma nyingi kwa wagonjwa. Hakuwa. Sokoni Tandika kulikuwa na bwana mmoja aliyevaa koti jua kali na kuhutubia nguzo za umeme, mtu mpole, hakumgusa yeyote. Mweleza Picha akimwona kwa mbali alivuka barabara, na mara nyingine alirudi nyumbani bila samaki aliotumwa. Mkewe alimsema sana kwa hilo. Alikuwa anawaogopa wagonjwa wa akili kuliko alivyoogopa nyoka, na sijui kwa nini, hakuwahi kusema.

Sasa niseme juu ya ile picha.

Ilikuja baada ya ile ya kuchemsha maji. Nyumba kubwa ya ghorofa, ya Kizungu, na chumbani juu mwanamke mmoja amevaa nguo nyeupe mpaka miguuni, nywele zimemwagika mgongoni. Mlango umefungwa kwa nje. Bibi mtu mzima anamletea chakula, na kuna mwanamume mwenye funguo. Nilimwona Mweleza Picha akitazama, mdomo wazi kidogo, anatafuta. Kisha akapata. "Ndugu wananchi, mama huyu kafiwa. Mumewe kafa kabla ya picha kuanza. Mnavyomwona, yuko eda. Huyu mwenye funguo ni kaka yake, anamlinda asiingiliwe."

Nani angebisha? Nyeupe ipo, kukaa ndani kupo, kuletewa chakula kupo. Wanawake uwanjani walisema innalillahi, wakatulia kama watu waliofika matangani. Yule mama akagonga mlango kwa ngumi. "Anakataa wageni," akasema Mweleza Picha. Akararua pazia. "Uchungu," akasema. Kisha mwenye funguo akafungua mlango na kuingiza wanaume wawili wenye mikoba, wakamkazia macho yule mama, mmoja akamshika mkono. Hapo uwanja ulichafuka. "Tokeni!" wanawake walipiga kelele. "Hamna haya nyie! Mtu yuko eda!" Mwenye Nyumba aliokota kandambili yake akairusha kwenye kitambaa, na ilimpata mmoja wa wale mabwana usoni.

Mwishoni mwanamke alitoka. Alipita bustanini peku, akafungua geti, akashuka mtoni. "Eda imekwisha," akasema Mweleza Picha, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Anakwenda kuoga, avue nyeupe."

"Mbona anakwenda peke yake?" Mwenye Nyumba aliuliza kwa nguvu, maana mwanamke hatoki eda peke yake.

"Wenziwe wametangulia."

Mwanamke akaingia majini, magotini, kiunoni, shingoni. Tukampigia vigelegele. Temeke nzima ilisikika. Mimi nilikuwa na mimba ya Zuhura, nimekaa mbele kwa sababu wajawazito tulipishwa, na nilipiga kigelegele na wenzangu huku nangoja aibuke. Maji yalijifunga, yakatulia. Kisha maandishi yakaja na taa ikawashwa.

Zuhura alizaliwa salama. Nilikaa ndani arobaini yangu kama kawaida, uji wa pilipili manga, kukandwa, yote. Arobaini ilipokwisha watu walitegemea nitoke nimenenepa, hina miguuni. Mie sikutoka. Nilikuwa silali. Bomba la uani limefungwa, nalijua limefungwa, lakini nasikia maji yakimwagika na kuniita. Mtoto nilimwogopa. Si kwamba sikumpenda, nilimpenda hadi kuumwa, lakini niliona nikimshika nitamwangusha na nikimwacha ataondoka. Siku moja nililia tangu asubuhi mpaka mume wangu aliporudi kazini, na sikuweza kumwambia ninalilia nini kwa sababu sikujua.

Habari zikamfika shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekaa Ilala. Alikuja Jumamosi na uamuzi wake mfukoni. Nilikuwa chumbani, pazia limeshushwa, nasikia kila neno kutoka uani. "Wehu haufichwi," alisema. "Jumatatu apande basi la Lindi, arudi kwa baba yake wamwangalie huko. Mtoto nitamchukua mie, mke wangu atamlea. Kichaa hanyonyeshi."

Nilimngoja mume wangu aseme kitu. Baadaye aliniambia alikuwa anaangalia viatu vyake, na mimi nilimsamehe, lakini sikusahau.

Aliyesema ni Mwenye Nyumba. "Nani kakwambia kichaa? Huyu yuko ndani, kama yule mama wa ghorofani kwenye picha. Na aliye ndani hasafirishwi, hatolewi nje, wala mwanaye hachukuliwi."

"Eda ya nani, bibi?" mume wangu akapata sauti. "Si mie nipo hapa?"

"Wewe nyamaza. Nimesema kama."

Shemeji akacheka. "Hiyo picha hata Ilala ilikuja. Kuna mtu anajua Kizungu kanieleza vizuri. Yule mwanamke alikuwa mwehu, tena mwehu wa kufungiwa. Nyie mlidanganywa."

"Basi aitwe aliyetudanganya," akasema Mwenye Nyumba.

Nilisikia mlango wa ua ukilia. Nilisikia kikohozi. Sikumwona, lakini nilijua amesimama mbali, kule bombani, kwa sababu aliogopa. Ndani ya chumba kuna mtu ambaye kichwa hakijatulia, naye anatakiwa amsogelee. Nikawaza: huyu akisema mwehu, nimekwisha. Jumatatu nitakuwa ndani ya basi na maziwa yatanichuruzika kifuani mpaka Lindi.

"Wewe ndiye uliyeeleza," shemeji akamwambia. "Sema mbele za watu. Yule mwanamke alikuwa mwehu au hakuwa?"

Alikohoa kwa muda mrefu, mpaka nikadhani hilo ndilo litakuwa jibu lake lote. Kisha akasema, na ilikuwa ile sauti ya uwanjani, nayo sikuwahi kuisikia uani kwetu hata siku moja.

"Ndugu wananchi."

Hakuna aliyecheka.

"Huyu ni Mama Zuhura. Baba yake ni seremala wa Lindi, mtu wa heshima. Mumewe ni yule pale. Nyumba yake ni hii. Kajifungua, kachoka, usingizi umemkimbia. Yuko ndani. Wenziwe wanakaa naye, mmoja akitoka mwingine anaingia. Hata kuoga haendi peke yake. Narudia, hata kuoga haendi peke yake. Akimaliza atatoka."

Akameza mate. Na mume wangu, sijui kama alijijua, akasema, "Halafu?"

"Halafu sijui. Picha haijaisha."

Shemeji aliondoka amenuna. Alisema atarudi mwisho wa mwezi, na akirudi hakuna wa kumzuia. Wanawake wa nyumba ile hawakumngojea. Siku hiyohiyo Mwenye Nyumba alipanga zamu, na zamu yake haikuwa na udhuru. Mmoja aliketi nami akishona vitambaa, mwingine akisimulia ugomvi wa foleni ya duka la ushirika, mwingine hakusema kitu, alilala tu kwenye mkeka wangu akakoroma, nami nilimpenda zaidi huyo. Zuhura aliletwa kunyonya, akachukuliwa, akaletwa. Mke wa Mweleza Picha ndiye aliyekuwa akimbeba. Nikienda kuoga, mtu alishika ndoo na mwingine alisimama mlangoni akiimba. Mwenye Nyumba hakuwa mjinga pia: alimleta muuguzi wa zahanati, mama mmoja mnene, aliyenipa vidonge vya kunilaza na kuniuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Hakusema neno wehu. Sijui kama aliambiwa asiseme.

Siku niliyotoka, nilitoka kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Harufu ilinijia chumbani, nikangoja mtu aepue, hakuna aliyeepua, wote wako bombani wanabishana. Nikaamka nikaenda kuepua. Niligeuka na sufuria mkononi nikawakuta wamesimama wananitazama. Mwenye Nyumba ndiye aliyeanza kigelegele. Waliniogesha wao wenyewe, wakanivika kanga mpya, na ng'ambo ya ua nilisikia mtu anakohoa. Shemeji aliporudi mwisho wa mwezi nilimkaribisha mimi, nikampa chai, Zuhura nimempakata. Alikunywa akaondoka.

Miaka ikapita kama inavyopita. Mweleza Picha alistaafu, akahamia Kinyerezi, wakati huo mashamba matupu, mikorosho na mihogo. Mkewe alitangulia mbele ya haki. Mwenye Nyumba naye. Nilikwenda kumwona Mweleza Picha safari ya mwisho nikiwa na Zuhura, ameshamaliza shule, mrefu kunizidi. Ilikuwa miaka ile ya dhiki ya bidhaa, nikambebea kipande cha sabuni na sukari kidogo niliyoipata kwa taabu. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alinijua kwa salamu.

"Shikamoo, Mweleza Picha."

"Marahaba, Mama Zuhura. Kaa hapo, kigoda kipo."

Alikuwa amekuwa msemaji, hebu fikiria. Labda kwa kuwa mkewe hakuwapo tena wa kumsomea kikohozi. Akaniambia bila kuulizwa: "Yule mama wa ghorofani alikufa maji. Dereva aliniambia mlemle garini, tunarudi. Kaniambia, mzee, umewafanya watu wampigie vigelegele mtu anayekufa."

"Halafu?"

"Usinitanie. Tangu siku hiyo kila tulikokwenda, Msasani, Kinondoni, nilimwambia dereva akate mkanda pale getini. Nikasema, ndugu wananchi, atatoka, lakini leo hatutamwona. Watu walinitukana sana."

"Kwa hiyo siku ile uani kwetu ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na uliogopa."

"Niliogopa mno. Niliogopa usije ukatoka ukaniangalia."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nikamwambia neno ambalo sikuwahi kumwambia hata mume wangu. "Mie nilimwona hakuibuka. Siku ileile. Nilikaa mbele." Aligeuza uso upande wangu. Alikuwa akidhani miaka yote kwamba wanawake wote wa Temeke waliondoka na furaha, na kwamba kosa lake liliishia kwake na kwa dereva.

Zuhura akasogea kwenye kivuli, na mzee akasikia nyayo. "Nani huyo uliyekuja naye? Naona giza tu linatembea."

Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Badala yake nilivuta kigoda changu karibu naye, kando, kama yeye alivyokuwa akikaa kando ya kitambaa.

"Ndugu mwananchi," nikasema. "Huyu ni Zuhura. Baba yake kibarua wa bandarini, mama yake binti wa seremala wa Lindi. Mkeo ndiye aliyembeba mgongoni. Mama yake alikuwa ndani, kachoka, usingizi umemkimbia, anasikia maji. Walitaka kumpeleka mbali, mtoto wamchukue. Akaja mtu mmoja mwoga, akasimama bombani, akawakatalia. Wenziwe wakakaa naye. Hata kuoga hakwenda peke yake. Siku moja wali ukawa unaungua."

Nikameza mate.

"Halafu?" akasema.

"Halafu akatoka."

Akakohoa. Kikohozi cha namna hiyo sikuwahi kukisikia kwake, na Zuhura akainuka haraka kumletea maji, lakini hakuwa anataka maji.